Picha Imefifia, Namba Imepanda: Kutatua Matatizo ya Ultrasaundi Yanayotokana na Mwili wa Mama

Picha ikiwa mbovu, wa kwanza kulaumiwa ni mashine, wa pili ni fundi, na wa tatu, kwa sauti ya chini, ni mama mwenyewe: "mnene huyu." Kabla sauti ya probu, kile kifaa kinachopitishwa tumboni, haijamfikia mtoto inapita kwenye ngozi, mafuta, misuli ya tumbo, pengine kibofu, ukuta wa kizazi, pengine kondo la nyuma, ndipo iingie kwenye maji ya uzazi. Kila tabaka linaipunguza sauti, linaipinda au linairudisha kwa namna yake. Mpimaji anayejua tabaka lipi linafanya nini hana haja ya kubonyeza vitufe kwa kubahatisha.

Haya nawaandikia wenzangu wanaopima wajawazito kwenye zahanati na vituo vya afya vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, ambako mara nyingi kuna mpimaji mmoja, mashine moja, na benchi la nje limejaa tangu saa moja asubuhi. Jambo moja litajirudia kote: tabaka linaloharibu picha ndilo hilo hilo linalomkinga mtoto, na lile linaloing'arisha picha ndilo linaloiacha sauti imfikie mtoto karibu nzima. Namba za usalama zilizo kwenye skrini hazijui ni mama gani amelala kitandani. Wewe unajua.

## Namba mbili za pembeni, kabla ya kugusa kitu

Pembeni mwa skrini kuna namba mbili za usalama, TI na MI. TI inakadiria joto. Ikisoma 1, maana yake ni kwamba nguvu inayotoka inalingana na ile ambayo kwa makadirio ingeweza kupandisha joto la tishu kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. MI inahusu msukumo wa wimbi na uwezekano wa viputo vya gesi kutikisika hadi kupasuka ndani ya mwili. Kijusi hakina gesi mapafuni wala utumboni, kwa hiyo kwenye mimba jicho linakaa zaidi kwenye TI. Hadi wiki ya 10 tangu hedhi ya mwisho tunasoma TIS, ya tishu laini. Baada ya hapo tunasoma TIB, ya mfupa, kwa sababu mifupa imeanza kukomaa na mfupa hufyonza sauti na kupata joto haraka.

Namba hizo hazipimwi ndani ya mama. Kiwanda hupima sauti ndani ya maji, halafu hesabu inapunguza desibeli (kipimo cha kupungua kwa nguvu ya sauti) 0.3 kwa kila sentimita kwa kila megahezi (kipimo cha masafa ya sauti), kuigiza mwili wa mtu. Tishu laini ya kweli hupunguza zaidi ya hapo, wastani wa 0.5 hadi 0.7, na misuli inaweza kufika 1. Mkojo na maji ya uzazi karibu hayapunguzi kitu. Pengo hilo kati ya 0.3 ya hesabu na uhalisia wa tumbo lililo mbele yako ndilo chanzo cha nusu ya mambo yaliyo hapa chini.

Tukumbuke pia kwamba mashine za leo zina nguvu. Zamani kikomo cha mamlaka ya Marekani, FDA, kwa upimaji wa mimba kilikuwa miliwati 94 kwa sentimita ya mraba. Tangu miaka ya 1990 mashine inayoonyesha TI na MI inaruhusiwa kufika 720, zaidi ya mara 7. Namba ziliwekwa kwenye skrini ili aliyeshika probu azitazame.

## Picha nzima imejaa ukungu

Anza na vitu vya nje. Joto la Dar na feni ya juu hukausha jeli haraka. Mama aliyepaka mafuta ya nazi asubuhi ana ngozi ambayo jeli inateleza bila kushika, na utando mwembamba wa hewa kati ya probu na ngozi unarudisha karibu sauti yote. Futa tumbo, weka jeli upya, usiibanie. Kanga iliyofungwa kiunoni ishushwe hadi usawa wa mfupa wa kinena, kisha mfunike mama vizuri. Ukungu ukiondoka, tatizo limekwisha.

Usipoondoka, soma kina. Kama mtoto anaanzia sentimita 10 chini ya ngozi, sauti inaisafiri njia hiyo mara mbili. Kwa megahezi 5 na tishu ya 0.5, inapoteza desibeli 25 kwenda na 25 kurudi. Ukishusha masafa hadi megahezi 2.5, hasara yote ya safari ni 25. Umeokoa desibeli 25, na kwa nguvu ya mwangwi hiyo ni zaidi ya mara 300. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwa tumbo nene ni kushusha masafa. Utapoteza ukali kidogo, maana urefu wa wimbi unaongezeka kutoka kama milimita 0.3 hadi 0.6, lakini picha ya ukali wa wastani inayoonekana ina faida kuliko picha kali usiyoiona.

Halafu geini na vitelezi vya TGC, yaani geini ya kila kina peke yake. Geini inakuza mwangwi uliokwisha rudi, kwa hiyo haimwongezei mtoto chochote. Kitufe cha nguvu inayotoka ndicho kinachomwongezea. Nimeona wapimaji wazuri tu wanaovichanganya viwili hivi, kwa sababu vyote vinaing'arisha picha, na kwenye baadhi ya mashine vimekaa karibu karibu. Weka fokasi, mahali sauti inapokusanyika, usawa wa mtoto, punguza upana wa picha, washa harmoniki (picha inayotokana na sauti inayozaliwa ndani ya mwili) kama mashine inazo.

Ukiyafanya yote hayo na mtoto bado ana kingo zilizolegea, kinachokusumbua si upungufu wa sauti. Mashine inaamini kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde popote. Kwenye mafuta inakwenda kama 1,450, kwenye misuli karibu 1,580. Sehemu moja ya wimbi inachelewa, nyingine inawahi, na mkusanyiko wake unavurugika, kama kutazama sarafu chini ya maji yanayotikisika. Geini haitibu hilo. Dawa yake ni kubadili njia.

Njia zipo. Chini ya mkunjo wa tumbo, juu kidogo ya mfupa wa kinena, mafuta huwa membamba. Mwombe mama aunyanyue mkunjo kwa mikono yake miwili, na wengi hawaoni taabu ukiwaeleza kwa nini. Pande mbili za nyonga ni njia nyingine. Kitovu, kikijazwa jeli hadi hewa yote itoke, kinafungua mahali ambapo ukuta wa tumbo ni mwembamba kuliko kwingine kote. Mlaze mama kwa ubavu wa kushoto, mafuta yanahama na mara nyingi mtoto naye anahama. Katika miezi mitatu ya kwanza, probu ya ukeni inaliruka tumbo lote.

Na tarehe ni dawa pia. Uchunguzi wa viungo hufanyika vizuri wiki ya 18 hadi 22. Kwa mama mwenye uzito mkubwa, ukiweza kuchagua, mpangie wiki ya 20 hadi 22. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, linataka kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, kwa hiyo usimsogeze mbele sana kwa kutafuta picha nzuri.

Sasa kuhusu kupandisha nguvu. Tuseme mtoto yuko sentimita 10 chini na unatumia megahezi 3. Mashine inahesabu hasara ya desibeli 9, yaani imebaki kama sehemu moja ya nane. Kama tishu za mama huyu zinapunguza 0.7, hasara ya kweli ni 21, na inayomfikia mtoto ni chini ya sehemu moja ya mia. Kwake yeye TI inasema zaidi ya ukweli. Ukiongeza nguvu kwa picha ya kawaida isiyo ya Doppler (kipimo cha mwendo wa damu), baada ya kumaliza njia nyingine zote, hujafanya kosa. Kosa ni kuanza nayo.

Neno "mnene" libaki kichwani mwako. Akiuliza kwa nini unachukua muda, mwambie sauti inapita njia ndefu na unatafuta upande mzuri. Ni kweli, na hatoki akiwa ameinamisha kichwa.

## Picha inang'aa mno na kila kitu kinaonekana

Hili haliitwi tatizo na mtu yeyote, na ndiyo sababu nalipa nafasi kubwa.

Mama mwembamba, wiki ya 8, amekunywa chupa mbili za maji kama alivyoagizwa, amepanda daladala kutoka Gongo la Mboto akiwa amebana mkojo, na ukuta wake wa tumbo ni sentimita 2. Nyuma yake kuna sentimita 6 za mkojo. Picha inatoka safi kabisa.

Fanya hesabu ile ile kwa megahezi 3. Mashine inaona sentimita 8 za mwili, inakata desibeli 7.2, inadhani imebaki asilimia 19 ya sauti. Ukweli ni kwamba sentimita 2 za ukuta zimekata kama 3 na mkojo haujakata kitu cha kuhesabu. Imebaki karibu asilimia 50. Kiinitete kinapokea zaidi ya mara mbili na nusu ya kile kilichoandikwa. Hesabu hii ni ya makadirio, maana wimbi lenye nguvu likipita ndani ya maji marefu nalo hubadilika umbo, lakini upande wa kosa ni huo: kwenye njia ya maji TI na MI zinaweza kusema pungufu.

Kwa picha ya kawaida hakuna cha kuogopa, kwa sababu hapo TI huwa chini. Chama cha Uingereza cha ultrasaundi ya tiba, BMUS, hakiweki kikomo cha muda TI ikiwa haizidi 0.7. Kuanzia 0.7 hadi 1.0 kinaruhusu dakika 60, hadi 1.5, dakika 30, hadi 2.0, dakika 15, hadi 2.5, dakika 4, hadi 3.0, dakika 1 tu. Juu ya 3.0 hakishauri kupima kijusi kabisa. Angalia jinsi muda unavyoporomoka baada ya 2.0, kisha fikiria mama yetu ambaye skrini yake inasoma 1.0 huku kinachomfikia mtoto kinakaribia kile cha 2.5.

TI hupanda hivyo ukiwasha Doppler ya mapigo. Na inawashwa kwa nini wiki ya 8? Mara nyingi kwa sababu baba ameingia na simu mkononi, anataka kurekodi sauti ya moyo apeleke kwenye kundi la familia. Naelewa furaha hiyo. Lakini kwa wiki hizo mapigo yanaonekana kwa picha ya kawaida, na yanahesabiwa kwa M-modi, mstari unaochora mwendo wa moyo, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi. ISUOG, jumuiya ya kimataifa ya wapimaji wa uzazi, haitaki Doppler ya mapigo itumike kama mazoea katika miezi mitatu ya kwanza. Ikihitajika kitabibu wiki ya 11 hadi 13 na siku 6, TI isizidi 1.0 na isikae zaidi ya dakika 5 hadi 10. Mpe baba picha ya mstari wa M-modi, inaonekana vizuri kwenye simu. Sauti ataisikia kliniki miezi inayofuata.

Cha kufanya basi: ukiona kibofu kimejaa na ukuta ni mwembamba, shusha nguvu inayotoka mpaka picha ianze kuchoka, halafu pandisha geini. Picha itabaki nzuri. Gandisha skrini kila unapopima au unapoeleza. Picha ikigandishwa, sauti imezimwa. Tabia ya kuacha probu tumboni huku unaandika jina kwenye kompyuta ni ya kuachwa leo.

Na huu uonevu wa kujaza kibofu mpaka mama anatembea kwa kujikunja upunguzwe. Ian Donald wa Glasgow alianza kukitumia kibofu kilichojaa kama dirisha miaka ya 1960, akiwa na mashine ambazo leo tusingezigusa. Siku hizi kibofu cha wastani kinatosha mwanzoni mwa mimba. Kizazi kikishapanda juu ya kinena, mara nyingi hakihitajiki kabisa.

## Kondo limefunika mlango wa kizazi, kumbe halijafunika

Kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaubana ukuta wa mbele wa kizazi mpaka unagusana na wa nyuma. Mlango wa kizazi unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na kondo lililo chini kidogo linaonekana kama limeuziba. Mama anapewa karatasi inayosema kondo limetangulia, nyumba nzima inahamanika, anakatazwa kusafiri kwenda kwao Tanga.

Kabla hujaandika, mpeleke chooni. Akirudi, pima tena. Kama bado linaonekana limefunika, probu ya ukeni ndiyo yenye jibu la uhakika kuliko ya tumboni. Na hata likiwa chini kweli wiki ya 20, mengi hupanda kadiri sehemu ya chini ya kizazi inavyotanuka. Mpangie marudio karibu na wiki ya 32.

Mdanganyifu wa pili hapa ni msuli wa kizazi uliojikaza. Unavimba upande mmoja, unaonekana kama uvimbe wa faibroidi au kama kondo nene linaloteremka. Msuli uliojikaza huachia, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Faibroidi haiendi popote. Muweke mama nje kwa benchi, mwite mwingine, kisha mrudie.

## Mapacha wasiokuwepo

Mama wa wiki ya 6 au 7, probu imekaa katikati ya tumbo kwa upana, na skrini inaonyesha mifuko miwili ya mimba inayofanana, iko kando kwa kando. Usipongeze mtu bado.

Misuli miwili mirefu ya tumbo iko kushoto na kulia kwa mstari wa kati, na kati yake kuna mafuta. Kwa kuwa sauti inakwenda kasi tofauti kwenye misuli na kwenye mafuta, kingo za misuli hiyo zinaipinda sauti kama lenzi. Sauti ya kushoto inaufikia mfuko mmoja, ya kulia inaufikia mfuko ule ule, na mashine, ambayo inaamini sauti hunyooka daima, inaichora mifuko miwili. Hutokea hata kwa mama mwembamba mwenye misuli iliyojengeka.

Sogeza probu pembeni, mbali na mstari wa kati. Au izungushe nyuzi 90 ili ikate kwa urefu. Mfuko wa uongo unatoweka. Ukibaki, tafuta ushahidi mwingine: pacha wa kweli ana kiinitete chake chenye mapigo ambayo hayaendi sawasawa na ya mwenzake, na ana utando au nafasi inayomtenga. Vitu viwili vinavyotikisika sambamba kabisa, kwa wakati ule ule, ni kitu kimoja. Udanganyifu huu hauhusu mimba tu. Kifaa cha uzazi wa mpango kilichomo kizazini nacho huonekana viwili kwa sababu hiyo hiyo.

Hakikisha kabla hujasema. Neno "mapacha" likishatoka chumbani halirudi, linafika kwa bibi kijijini kabla mama hajavuka kivuko cha Kigamboni.

## Vivuli vinavyokata picha

Mstari mweusi unaoanzia kwenye ngozi kabisa ni hewa: jeli imekauka, kitovu kina hewa, au kovu la upasuaji limekunja ngozi. Mstari unaoanzia chini kidogo ya ngozi, usawa wa kovu, ni kovu lenyewe. Tishu yake ni ngumu, inafyonza na kutawanya sauti. Kwa kuwa akina mama wengi wa hapa mjini wamejifungua kwa upasuaji, jizoeshe kupita kando ya kovu badala ya kupita juu yake: weka probu sentimita chache kando, elekeza pembe.

Kivuli chenye michirizi kama pazia kinachoanzia ndani ya ukuta wa kizazi ni faibroidi. Zimejaa kwa wagonjwa wetu na zinakula sauti vibaya sana. Faibroidi ya mbele inaweza kukuficha kichwa kizima. Zunguka. Ukilazimika kupima kichwa kupitia pembeni mwa faibroidi na kingo za fuvu hazionekani, usitumie kipimo hicho kubadili tarehe ya kujifungua.

Utumbo uliojaa gesi unasumbua mimba changa tu. Bonyeza taratibu na usubiri.

## Maji ya uzazi yana "takataka" upande wa juu

Ukungu wa kijivu unaokaa mbele tu, karibu na probu, na unaokwenda na probu ukiusogeza, ni mwangwi unaorudi rudi kati ya matabaka ya ngozi, mafuta na misuli. Si usaha wala damu. Unautambua kwa mistari yake iliyolala sambamba na ngozi. Shusha TGC ya juu, badili pembe, washa harmoniki: sauti ya harmoniki huzaliwa ndani zaidi, baada ya kupita ukuta wa tumbo, kwa hiyo haibebi kelele nyingi za ukuta huo. Chembe za kweli kwenye maji huelea na kuhama mtoto akijigeuza.

## TI imepanda, na hujagusa nguvu

Umeme ulikatika? Baada ya mashine kuzima na kuwaka, inaweza kurudi kwenye mpangilio wa tumbo la mtu mzima, wenye nguvu kubwa kuliko wa mimba. Hii ndiyo ninayoikagua kwanza, kila umeme ukirudi: jina la mpangilio, kisha kama inaonyesha TIS au TIB inayotakiwa.

Kama umeme haukukatika, angalia ulichofanya muda mfupi uliopita. Ukikuza kisanduku, ukipunguza boksi la rangi, ukihamisha fokasi, ukiingia Doppler, mashine inabadilisha nguvu yenyewe. Namba ni matokeo ya mipangilio yote kwa pamoja.

## Mama ana homa

Malaria, dengi, maambukizi ya njia ya mkojo: sababu hazikosekani, na Dar iliwahi kukumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mtoto anapata joto la mama kwanza. Shirikisho la dunia la ultrasaundi, WFUMB, linaona hakuna sababu ya kusita kwa upande wa joto kama kipimo hakiongezi zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya 37, na linahesabu kuwa ni hatari inayowezekana joto la kiinitete au kijusi likipita nyuzi 41 kwa dakika 5 au zaidi. Mama mwenye 39.5 ameshaitumia sehemu kubwa ya nafasi hiyo kabla hujawasha mashine. Kama kipimo kinaweza kusubiri dawa ya kushusha homa, kisubiri. Kama hakiwezi, picha ya kawaida, Doppler pale tu daktari anapoihitaji, na toka haraka.

Kwa probu ya ukeni uangalifu uongezeke, kwa sababu hakuna ukuta wa tumbo wa kukinga, na uso wa probu wenyewe hupata joto. Kiwango cha kimataifa kinauruhusu kufika nyuzi 43 ukiwa umegusa mwili. Usiiache inafanya kazi hewani huku unaongea. Jeli iwe ndani na nje ya kondomu, bila viputo.

## Anaona kizunguzungu, jasho linamtoka

Mimba kubwa, amelala chali, kizazi kimeubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mgeuze ubavu wa kushoto mara moja. Akitulia, endelea kupima akiwa hivyo hivyo.

## Umejaribu yote na moyo wa mtoto hauonekani vizuri

Andika hivyo. "Moyo: vyumba vinne havikuonekana kikamilifu kwa sababu ya kina cha sentimita 12 na mtoto kulala kifudifudi" inasaidia kuliko "kawaida" iliyoandikwa kwa aibu. Taja masafa uliyotumia, njia ulizojaribu, kama kibofu kilikuwa kimejaa, na kama kuna faibroidi au kovu mbele. Mpangie mama arudi baada ya wiki 2 hadi 4, na kama tatizo bado lipo, mpe rufaa kwenda kwenye mashine kubwa zaidi, hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, akiwa na karatasi hiyo mkononi. Mpimaji wa huko akiona umeandika kwamba kitovu na nyonga zilishajaribiwa, ataanza na probu ya masafa ya chini na ubavu wa kushoto.